Baba wa "Tuma na ya Kutolea"

Tuanze na siku 3. Mfanyakazi mwenye mkataba hapa Bara, mkewe akijifungua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 3 zenye malipo, tena azichukue kabla mtoto hajamaliza siku 7 duniani. Mama anapewa siku 84, na akipata mapacha 100. Hatumwonei wivu mama, maana tulikuwepo nje ya wodi na tulisikia. Lakini siku 3, jamani! Dereva wa semi aliyepitia hapa Mikumi kwenda Tunduma, siku 3 zinamkuta bado yuko kwenye foleni ya mpaka, anachemsha chai pembeni ya tairi. Na hao ndio wenye bahati. Wengi wetu hapa kwenye benchi hatuna hata hizo 3, kwa sababu mwajiri wetu ni pikipiki ya mtu, au shamba la kukodi kule Rudewa, au kibarua cha kukata miwa upande wa Ruembe, na kibarua hakijui mtoto kazaliwa lini.

Benchi lenyewe liko kando ya barabara kuu ya Iringa, mbele ya kibanda cha mama mmoja anayekaanga samaki tangu alfajiri mpaka magari ya usiku. Hapa hukaa bodaboda, utingo, wapakia mizigo, wachoma mahindi, walimu wawili watatu mwisho wa mwezi, na wazee ambao hatujui wanafanya kazi gani ila hawakosi. Malalamiko yetu ni ya kila siku na ya kila kitu: tembo wanaoingia mashambani, matuta ya barabarani ndani ya hifadhi, bei ya mafuta. Ila kuna moja ambalo tukilianza halimalizwi na chai moja. Ni hili la watoto wetu tusiokaa nao.

Kila mmoja hapa ana "mzazi mwenzangu" mahali fulani, Kimamba, Dumila, Ifakara, Makambako. Mzazi mwenzako anakupigia simu kwa mambo mawili tu, homa na ada. Salamu ni fupi, kisha linakuja lile neno: "Tuma na ya kutolea." Unatuma na ya kutolea. Mtoto unamsikia kwa mbali akicheza, unaomba uongee naye, unaambiwa amelala. Saa kumi na moja jioni, amelala! Hapo ndipo wenzetu wengine walipoanza kusema: hivi kwa nini hakuna chama cha siasa kinachosimamia jambo hili? Vyama viko vingi. Mwaka 2020 karatasi ya kura ya urais ilikuwa na wagombea 15, tukakosa hata pa kuweka kidole. Wakulima wana AAFP, wengine wana Demokrasia Makini, na kila kampeni magari yanapita hapa yanatangaza maji, umeme, barabara ya lami ya kutoka hapa kwenda Kilosa. Hakuna aliyewahi kushika kipaza sauti akasema, "Nikichaguliwa, baba atamwona mwanawe Jumamosi."

Tukakaa chini tukapiga hesabu ya kukianzisha wenyewe, maneno ya kijiweni lakini hesabu ya kweli. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inataka wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, na mikoa isipungue 10, na katika hiyo 10 lazima miwili iwe ya Zanzibar, mmoja Unguja na mwingine Pemba. Huku Bara tusingeshindwa. Morogoro peke yake, ukisimama stendi ya Msamvu ukauliza nani ananyimwa mtoto, jioni una 200 na foleni bado. Shida ni Pemba. Sheria ya Ndoa tunayotaka ibadilishwe, ile ya mwaka 1971, inatumika Tanzania Bara tu. Mwanamume wa Wete au Mkoani akiachana na mkewe, shauri lake linakwenda kwa kadhi. Kwa hiyo tungetakiwa kwenda kumwomba Mpemba ajiunge na chama cha kupigania sheria isiyomhusu, naye angetusikiliza kwa adabu, akatupa kahawa, na kutusindikiza bandarini.

Mwingine akasema basi asimame mmoja wetu bila chama. Haiwezekani pia. Mchungaji Christopher Mtikila alizunguka mahakamani miaka na miaka akidai mgombea binafsi, hadi Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi mwaka 2013, naye akafariki ajalini mwaka 2015 mlango huo ukiwa bado umefungwa. Kwa hiyo ukitaka kupeleka kilio cha baba bungeni sharti ukifunge ndani ya chama kikubwa chenye mambo yake, na hicho chama kitakiweka chini ya gunia, juu yake kiweke korosho na pamba.

Wenzetu walikwisha jaribu huko duniani. Ulaya, na hapa tunasema Ulaya ile ya mbali, maana ya kwetu ipo njiani ukitoka Kilosa kuja Mikumi na nauli yake haihitaji viza, kulikuwa na kundi la Uingereza lililoitwa Fathers 4 Justice. Mwezi Mei mwaka 2004 watu wao walimrushia Tony Blair unga wa zambarau ndani ya Bunge, na Septemba mwaka huohuo mmoja akapanda ukuta wa ikulu ya malkia akiwa amevaa kama Batman. Kijana wa bodaboda aliposikia habari hiyo aliuliza kwa nini mtu anayedai mwanawe avae kama popo. Hatukuwa na jibu. Australia walienda mbali zaidi, wakawa na chama kabisa kilichosajiliwa, chama kidogo cha wazazi wasioishi na watoto wao, kikawa kinaweka wagombea. Mwaka 2006 sheria ya huko ikabadilishwa ili mahakama ianze na dhana kwamba wazazi wote wawili wana dhamana sawa juu ya mtoto. Wakafurahi. Mwaka 2024 dhana hiyo ikaondolewa, kwa sababu watu walikuwa wameielewa kuwa ni kugawana siku nusu kwa nusu, na wanawake waliokimbia vipigo wakajikuta wanalazimika kukutana kila wiki na waliyemkimbia. Kenya wana Maendeleo ya Wanaume, jina walilochonga kwa kuangalia Maendeleo ya Wanawake, na mwenyekiti wake Nderitu Njoka hutokea kwenye magazeti kila wanaume wanapopigwa na wake zao. Ila Wakenya hawakupata haki yao kwa Njoka. Katiba yao ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Imeandikwa kama haki ya mtoto. Hilo tutalirudia.

Sasa huku kwetu sheria inasemaje? Malalamiko yetu makubwa ni mawili na yote yamo ndani ya Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 125 kinasema mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kifungu cha 129 kinasema kumtunza mtoto ni wajibu wa mwanamume, awe anaishi naye au anaishi kwa mtu mwingine. Mama anaingia pale baba akifa, akitoweka au akishindwa. Ziweke pamoja uone zinavyosomeka kwa mtu aliyekaa benchini: mtoto ni wa mama, bili ni ya baba.

Na hii sheria ni ya mwaka 1971! Mwaka huo barabara hii ya Zambia ilikuwa bado inajengwa. Ilikuwa sheria ya maana kwa wakati wake, ilileta ndoa za dini zote na za mila chini ya paa moja, na kusema wazi kwamba mume hana ruhusa ya kumpiga mkewe. Lakini imezeeka. Binti wa miaka 15 bado anaweza kuolewa kwa ridhaa ya wazazi kwa mujibu wa kifungu cha 13, ingawa Rebeca Gyumi alishinda kesi ya kukipinga Mahakama Kuu mwaka 2016 na Serikali ikapewa mwaka mmoja tu wa kurekebisha, kisha Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa yake Oktoba 2019. Mwaka mmoja ule ulikwisha zamani. Kama sheria imeshindwa kusogea kwa ajili ya mtoto wa kike aliyeshinda mahakama mbili, itasogea kwa ajili ya utingo? Na msituambie hakuna anayejua sheria upande huu. Mbunge wa Kilosa aliyechaguliwa mwaka 2020, Palamagamba Kabudi, ni profesa wa sheria na amekuwa Waziri wa Katiba na Sheria. Tulikuwa na mwenye ufunguo jirani kabisa, lakini katika mikutano hatukumuuliza. Tuliuliza mabwawa na mafuriko ya Mkondoa.

Hapo mzee wa Kidodi, ambaye huongea mara moja kwa wiki, huwa anatukatisha. Yeye ni Mvidunda. Anasema sisi vijana tunalia kwa machozi ya kuazima. Wilaya hii ya Kilosa, tangu zamani, Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na jirani zetu Waluguru, ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba ni mtu wa heshima, anasalimiwa, anapewa kiti, lakini ni kama mgeni aliyekaa sana. Alitoa mahari na akalima shamba la wakwe, na hata hivyo siku ya mgogoro alitoka na jembe lake. "Mnapoteza nini ambacho mlikuwa nacho?" anatuuliza.

Swali hilo linauma. Maana mila tunazozililia si zetu. Mwaka 1963 Serikali ilitangaza sheria za mila zilizounganishwa, kazi iliyoanzwa na Hans Cory, na msingi wake ulikuwa mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Huko mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa baba, kwisha. Sisi tumesikia hadithi hizo kutoka kwa Wasukuma na Wahaya tuliokutana nao viwandani, tukazichukua kana kwamba ni za bibi zetu. Halafu kifungu kilekile cha 125 kinaielekeza mahakama iangalie pia mila za jamii ya wahusika. Sasa baba wa Kilosa aende mbele ya hakimu kudai mtoto kwa mila? Mila itamhukumu kabla ya karani kufungua jalada. Afadhali anyamaze kuhusu mila.

Na mjomba mwenyewe yuko wapi siku hizi? Hili nalo ni lalamiko, ingawa wazee hawapendi kulisikia. Zamani mjomba alichukua mtoto pamoja na njaa yake. Alimlisha, alimwoza, alimgawia shamba. Leo mjomba amekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam kwa treni ya mwendokasi iliyoanza kusimama Kilosa mwaka 2024, na akija Krismasi anauliza tu, "Baba yake anatuma?" Amebaki na cheo cha ujomba, mzigo amemwachia yule mgeni aliyekaa sana. Hiyo ndiyo hali yetu kamili: mila inatuambia mtoto si wenu, sheria inatuambia mlipe, na simu inatuambia tuma na ya kutolea.

Kuna na hili la damu, ambalo hapa husemwa kwa sauti ya chini. Tuna msemo kwamba kitanda hakizai haramu, na wazee waliutumia kulinda mtoto asinyooshewe kidole. Siku hizi vijana hawataki msemo, wanataka vinasaba. Lakini huwezi kuamka tu ukaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na unywele wa mtoto kwenye bahasha. Sheria ya Vinasaba ya mwaka 2009 inataka ombi lipitie kwa mamlaka zinazotambuliwa, kama mahakama au ustawi wa jamii. Mmoja wetu alianza safari hiyo, akafika katikati, akaacha. Alipoulizwa kwa nini alisema mtoto alikuwa amekwisha anza kumwita baba.

Mwezi uliopita alikaa nasi dada mmoja msaidizi wa kisheria, hao waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Alikuwa anasubiri basi, tukamwagia yote. Alituharibia siku. Alisema kwanza, ile miaka 7 si ukuta, ni dhana tu, na baba akiwa na ushahidi inavunjika. Pili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi asiyekaa na mtoto kuomba mahakama impe ruhusa ya kumtembelea, kwa siku na saa zinazojulikana. Tatu, mahakama inapopanga matunzo inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, si cha baba peke yake. Akatuuliza ni nani kati yetu amewahi kupeleka ombi la kumwona mtoto. Tulikuwa kumi na moja. Samaki walikuwa wanasikika kwenye mafuta.

Akaongeza la nne, ambalo hatukuliomba. Alisema kabla ya Sheria ya Mtoto, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa chini ya sheria ya tangu ukoloni iliyoweka matunzo yasizidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja! Iliendelea kuwa mia moja hadi miaka ya elfu mbili, wakati mia moja haimlishi mtoto hata siku moja. "Miaka yote hiyo," alisema, "sikusikia benchi la akina baba likilalamika kwamba sheria imepitwa na wakati." Basi lake likaja, akapanda.

Tulimsema sana alipoondoka. Tulisema amesomeshwa na wafadhili, hajui maisha. Lakini mpishi wetu, ambaye naye ni mzazi mwenziye wa mtu, alipata mwanya. Alisema yeye amekwenda Kilosa mara nne kwa ajili ya talaka na matunzo. Mara ya kwanza baraza la usuluhishi, maana bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana shauri la talaka halipokelewi. Mara ya pili mwanamume hakutokea. Mara ya tatu alitokea, akaahidi mbele ya wazee kwa sauti nzuri. Mara ya nne alikuwa amehamia Kahama. Kila safari ni nauli, ni siku ya biashara iliyopotea, ni mtoto kuachwa kwa jirani, na barabara ya Kilosa wakati wa masika tunaijua sote. "Ninyi mnataka chama," alisema. "Mimi namtaka mtu mmoja tu, yuko Kahama."

Tunakiri, na tunakiri kwa shingo upande, kwamba kwenye benchi wako na wa namna hiyo. Wapo waliobadilisha laini ya simu. Yupo aliyesema atatuma matunzo siku atakayopewa mtoto, na mama naye akasema atapewa mtoto siku atakayotuma, wakabaki hivyo miaka miwili huku mtoto akila kwa bibi. Labda ndiyo maana chama chetu hakitasajiliwa hata tukiwapata watu wa Pemba. Msajili akituita kuhakiki wanachama, na ustawi wa jamii ukajua wote tuko mahali pamoja, nusu ya kikao itatokea dirishani.

Lakini lile la Wakenya bado linatukera, lile la kuandika jambo kama haki ya mtoto. Kwa sababu hapa wote tunapigana na mtoto akiwa ameshikwa katikati kama mpira wa kurusha: wa kwangu, wa ukoo wangu, wa damu yangu, gharama yangu. Kama sheria ya mwaka 1971 itaguswa kweli siku moja, tungeomba waandike kwamba kumtunza ni wajibu wa wote wawili kwa kadiri ya mkono wa kila mmoja, na kumwona ni haki ya mtoto isiyouzwa kwa muamala. Na baraza lisogee. Mtu wa Mikumi asifunge safari ya Kilosa kwenda kuambiwa njoo Alhamisi.

Juzi yule kijana wa popo, bodaboda, alikaa benchini mapema kuliko kawaida. Anatuambia mwanawe wa kiume anatimiza miaka 7 mwezi ujao, kule Msowero. Amekuwa akihesabu kama mfungwa. Tulimkumbusha kwamba baada ya 7 hakuna anayemkabidhi mtoto kwa risiti, na mtoto mwenye umri wa kusema mahakama itamsikiliza naye, ataulizwa anapenda kukaa na nani. Alisema anajua. Hataki kumchukua, anataka kwenda kumwona tu, ampelekee viatu vya shule, vile vyeusi vya kufunga kamba. Akatuuliza mtoto wa miaka 7 anavaa namba ngapi.

Tulitazamana. Mzee wa Kidodi ana watoto tisa. Mwalimu ana watatu. Dereva wa semi ana wawili Makambako na mmoja Tunduma. Mtu mmoja akasema ishirini na nne, mwingine akasema inategemea na kampuni, wa tatu akainama kutazama viatu vyake mwenyewe.

"Thelathini," mama wa samaki akasema, bila kugeuka, akigeuza kibua kwenye mafuta. "Nunua thelathini na moja, atavaa mpaka mwakani."